Mradi wa uzamili wa kuhuisha eneo la mtaa: kutoka barua ya utambulisho hadi siku ya kutetea

Ukihudhuria mawasilisho ya wanafunzi wa uzamili wa usanifu majengo, mradi mmoja huukosi. Kuna ukumbi wa jamii wenye paa lililopinda kama tanga, watoto wanarusha tiara, na kijani kimepakwa hata mahali ambapo maji ya bomba hutoka mara moja kwa wiki. Halafu mjumbe wa jopo anauliza, "Ufunguo wa choo atakaa nao nani?" Kimya. Mwanafunzi anafungua slaidi ya dhana yake upya, na hapo mradi umeshaanguka.

Wanaorudishwa kufanya marekebisho huwa wachoraji hodari, mara nyingine kuliko waliopita. Tatizo lao ni kwamba ufunguo waliuacha hadi wiki ya mwisho. Mwongozo huu unauweka mwanzoni.

Mfano nitakaoutumia ni Keko, Manispaa ya Temeke, Dar es Salaam. Mafundi seremala wamepanga vitanda na makabati yao kando ya barabara, nyumba zimebanana nyuma yao, na vipande vya ardhi vilivyo wazi vinagombewa na kila mtu. Kama mtaa wako ni Tandale, Ng'ambo ya Unguja au Kibera ya Nairobi, hatua ni zilezile. Majina ya ofisi ndiyo yatakayobadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya utambulisho kutoka chuoni, yenye muhuri, pamoja na nakala zisizopungua sita.
- Tepu ya mita 30, chaki nyeupe, daftari la jalada gumu na penseli.
- Simu yenye GPS na programu ya kukusanyia taarifa kama KoboToolbox.
- QGIS kwa ramani, na programu yoyote ya kuchorea unayoimudu. Mwaka wa mradi si mwaka wa kujifunza programu mpya.
- Karatasi za manila, kalamu nene na kilo moja ya maharage. Maharage utayaona kazini hatua ya 5.
- Nauli na akiba ya soda na maji ya kunywa kwa mikutano minne.
- Miezi mitatu ya kwenda uwanjani, na mmoja kati yake uwe wa mvua. Ukisoma eneo la Dar es Salaam wakati wa kiangazi tu, umesoma nusu yake.

## Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Sentensi iseme eneo gani, linatumiwa vibaya au halitumiki kwa sababu gani, nani atalitumia na nani atalitunza. Kwa mfano: "Kipande cha wazi kilichogeuka jalala nyuma ya karakana za Keko kirudi kuwa uwanja wa kazi, maji na michezo, chini ya kikundi cha mafundi na akina mama wanaouza chakula."

Jina la anayetunza liwemo tangu siku ya kwanza, hata kama ni la kukisia na utalibadilisha baadaye. Bila jina hilo utajikuta unachora jengo lisilo na mwenyewe.

Utajua umefaulu pale mtu asiyesomea usanifu, dereva wa bodaboda kwa mfano, ataisikia sentensi yako na kuuliza swali la maana. Akikujibu "hongera" na kuondoka, kaiandike tena.

## Hatua ya 2: Pita kwenye ofisi zote, kwa mpangilio

Wengi hupoteza mwezi mzima hapa kwa kutaka kuokoa siku tatu. Njia ya kawaida Tanzania Bara ni hii: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kisha kwa Mtendaji wa Kata, na mwisho kwa Mwenyekiti na Mtendaji wa Mtaa. Kila ofisi inaandika yake au inagonga muhuri juu ya ya kwako. Acha nakala kila mahali, na andika tarehe pamoja na cheo cha aliyepokea.

Kuna anayeanzia kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu ni jirani wa shangazi yake. Mwenyekiti atamkaribisha vizuri sana. Siku ya mkutano mtendaji anauliza kibali kutoka juu, hakipo, na watu arobaini wanarudi nyumbani. Kuwaita tena watu haohao si kazi ndogo.

Angalia pia kalenda ya siasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka 5, na wa karibuni ulikuwa Novemba 2024. Mradi ukiangukia kipindi cha kampeni, mkutano wako utageuzwa jukwaa la mtu. Uahirishe.

Kuhusu droni: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kinahitajika, na kwa Keko kuna la ziada, kwani Gereza la Keko liko hapohapo. Usirushe chochote wala kuelekeza kamera upande huo. Picha za bure za setilaiti zinatosha kabisa kwa mradi wa ukubwa huu.

## Hatua ya 3: Tengeneza ramani ya msingi unayoweza kuitetea

Anza na OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi haina: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora nyumba, mitaro na vichochoro vya kata nyingi, hasa zile zinazokumbwa na mafuriko. Pakua data, ifungue kwenye QGIS, kisha nenda ukaihakiki kwa miguu. Nyumba hubomolewa, vyumba huongezwa, na kichochoro cha mwaka juzi leo kimefungwa kwa mabati.

Kosa la kuepuka: ramani za zamani za serikali zilichorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, wakati simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizipandanisha bila kubadilisha mfumo, mtaro wako utahama takriban mita 300. Nimewahi kuona mtu akisanifu bustani nzima juu ya nyumba za watu kwa sababu hiyo, na hakujua mpaka siku ya kutetea. Weka kila kitu kwenye WGS 84 / UTM kanda ya 37 Kusini (UTM hutaja mahali kwa mita) kabla hujachora mstari hata mmoja.

Halafu hakiki sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama eneo lako limeguswa na Mto Msimbazi au kijito chake, chora mstari wa mita 60 kwanza, uone kinachobaki. Kinaweza kubaki kidogo mno. Ni afadhali ulijue hilo mwezi wa kwanza kuliko kuambiwa na mjumbe wa jopo.

Unapopima, weka alama kwa chaki nyeupe, na uifute ukimaliza. Rangi nyekundu usiiguse kabisa. Dar es Salaam alama ya X nyekundu ukutani ina maana moja tu, bomoabomoa, na ukishaichora hakuna mkazi atakayekufungulia mlango tena.

Dalili ya mafanikio: mpe mkazi ramani isiyo na majina, akuonyeshe nyumba yake bila kusaidiwa.

## Hatua ya 4: Kaa pale

Kabla ya dodoso, kaa. Tafuta benchi la mama ntilie, agiza chai na chapati, andika unachokiona. Fanya hivyo saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 11 jioni na saa 2 usiku, siku ya kazi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kila mara hesabu watu kwa dakika 15: wanawake, wanaume, watoto, wenye mizigo, waliokaa na wanaopita.

Inachosha, nakubali. Lakini eneo moja ni maeneo manne kwa siku. Asubuhi ni njia ya wanafunzi, mchana mafundi wanaanika mbao, jioni ni uwanja wa mpira, usiku hapapitiki kwa giza. Mwanafunzi aliyekwenda saa 4 tu atasema eneo "halitumiki," atalichorea bustani katikati, na atakuwa amewanyang'anya vijana uwanja wao kwa kalamu.

Tafuta alama za maji ukutani. Baada ya mafuriko huacha mstari wa tope. Pima kimo chake kutoka chini, na muulize mzee aliyeishi hapo zaidi ya miaka 20 kama maji yamewahi kupanda zaidi. Desemba 2011, mafuriko yalipokumba mabonde ya jiji na baadhi ya waathirika kuhamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, walioishi mabondeni waliona kina ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Kimo hicho ndicho kitakachoamua urefu wa msingi wako.

## Hatua ya 5: Mkutano mmoja wa wote, na midogo mitatu

Mkutano wa hadhara unakupa uhalali. Taarifa za kweli hutoka kwenye ile midogo: wanawake peke yao, vijana peke yao, mafundi peke yao. Ukiwachanganya, wazee watasema na wengine watatikisa vichwa.

Tandika manila yenye ramani chini, si ukutani. Watu wakainame, waelekeze kwa vidole, wabishane. Kisha mpe kila mtu maharage 10 ayagawe kwenye michoro ya mahitaji: maji, choo, kivuli, taa, karakana, mchezo, mtaro. Mwenye maharage 10 hawezi kutaka kila kitu, na hapo ndipo vipaumbele hujitokeza. Piga picha ya manila kabla hayajakusanywa.

Swali la mwisho katika kila kikundi liwe moja: "Kikijengwa, ufunguo tumpe nani?" Andika jibu kama lilivyosemwa. Mara nyingi jina la kwanza halitakuwa la kiongozi. Linaweza kuwa la mama anayeuza maji, kwa sababu kila mtu anamwona pale tangu alfajiri.

Posho itaulizwa. Sema ukweli tangu kwenye mwaliko: wewe ni mwanafunzi, una soda na maji, huna mradi wa fedha. Ukiahidi kwa kunong'ona utalipia kwa sauti. Wapo pia watakaosema wamechoshwa na madodoso, na wana haki. Waahidi kitu kimoja unachokiweza, kwamba watapata nakala ya mchoro wa mwisho, na uandike ahadi hiyo daftarini.

## Hatua ya 6: Mifano michache, isomwe kwa kina

Mifano mitatu inatosha, na angalau miwili iwe ya Afrika Mashariki. Jopo limeshachoka na picha za bustani za New York.

Bustani ya Forodhani, Unguja, ilifunguliwa upya 2009 baada ya kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Isome ili uone namna wauza vyakula wa jioni walivyopewa nafasi yao badala ya kufukuzwa. Hanna Nassif, Kinondoni, ni mradi wa miaka ya 1990 ambao wakazi wenyewe, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, walijenga mitaro na barabara kwa nguvu kazi. Usome ujue kazi gani mtaa unaiweza bila mashine. Kibera kuna maeneo ya wazi yaliyobuniwa na shirika la usanifu la Kounkuey Design Initiative pamoja na vikundi vya wakazi. Humo vyoo na sehemu za kufulia vimeunganishwa na mchezo na biashara, ili mapato yasaidie utunzaji.

Kwa kila mfano jibu maswali manne: ardhi ni ya nani, nani alilipa ujenzi, nani anafagia leo, fedha ya kufagilia inatoka wapi. Kama mfano hauwezi kujibiwa swali la tatu, utupe.

## Hatua ya 7: Hesabu ya ufunguo

Hii ndiyo kurasa mbili ambazo wanafunzi wengi hawana. Orodhesha kila kinachohitaji kufunguliwa, kufungwa, kusafishwa, kuwashwa au kukarabatiwa, kisha andika mbele yake mtu na shilingi.

Nakupa mfano wa kufundishia. Namba za kweli zikusanye mtaani kwako. Choo cha kulipia kinapata watu 90 kwa siku, kila mmoja shilingi 300. Hiyo ni 27,000 kwa siku, na 810,000 kwa mwezi wa siku 30. Waangalizi wawili wa zamu wanalipwa 250,000 kila mmoja, maji na sabuni 150,000, umeme 40,000. Jumla ni 690,000. Zinabaki 120,000, na kutoka humo utoe gari la kunyonya majitaka, kitasa kilichovunjika na balbu iliyoibwa.

Sasa geuza hesabu iongoze mchoro. Kama 120,000 haitoshi, ongeza vibanda viwili vya kukodisha, au punguza ukumbi. Ukumbi ndio kitu cha kwanza ambacho ningekipunguza. Kila mwanafunzi anautaka, na kwa siku nyingi za wiki unakaa umefungwa.

## Hatua ya 8: Sanifu kwa jua, upepo na maji ya pale

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 juu ya upeo. Desemba linahamia kusini, kama nyuzi 73. Kwa pande hizo mbili upenu wa kawaida unatosha. Adui ni jua la asubuhi na la alasiri linaloingia kwa ubapa. Kwa hiyo laza jengo mashariki–magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi ziwe na matundu machache.

Upepo nao. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Yote miwili inatokea upande wa mashariki, basi vumbi la mbao litaelekea magharibi karibu mwaka mzima. Weka mashine za randa na misumeno ukingo wa magharibi, watoto na chakula mashariki. Alfajiri upepo wa nchi kavu hugeuka, lakini saa hiyo mashine hazijawashwa. Utapata tatizo jipya, kwani karakana sasa inapigwa na jua la alasiri. Panda miarobaini au mikungu upande huo, au panga rafu za kuanikia mbao ziwe ukuta wa kivuli. Tatizo la namna hii liseme waziwazi kwenye mchoro. Jopo hupenda kuona umechagua ukijua gharama ya chaguo.

Maji ya paa: paa la mita za mraba 120, mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na asilimia 80 inayofika kwenye tangi, hukupa lita 105,600. Inapendeza, ila mvua haiji kwa mgawo sawa. Tangi la lita 10,000 litajaa kwa milimita 104 tu, na masika ya Machi hadi Mei huleta zaidi ya maradufu ya hizo. Onyesha bomba la maji ya ziada linaishia wapi. Likiishia kwa jirani, umesanifu ugomvi.

Na ngazi. Ukiinua sakafu milimita 600 kukwepa mafuriko, mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12 utahitaji mita 7.2, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia juu na chini. Uchore mapema. Ukiuongeza mwishoni utakata mlango wa choo, na hilo nimeliona zaidi ya mara moja.

Tumia vifaa ambavyo fundi wa mtaa anaviweza: tofali za saruji, mbao, mabati, na mabanzi yanayobaki karakana. Paa lililopinda kama tanga liache. Fundi wa kulikarabati atatoka mbali, na hela yake haimo kwenye ile 120,000.

## Hatua ya 9: Michoro

Usianze na picha ya rangi. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: ramani ya mtaa 1:2500, ramani ya kiwanja 1:500, pulani 1:100, michoro miwili ya mkato 1:50 (inayoonyesha jengo na ardhi kana kwamba vimekatwa wima), undani wa paa na mtaro 1:10, kisha modeli 1:200. Mchoro mmoja wa mkato uanzie nyumba ya jirani, upite eneo lako, uishie barabarani. Humo ndimo maji, kivuli na vimo huonekana vikikutana.

Ongeza karatasi moja inayoonyesha eneo lilelile saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, na kwa kila saa mwenye ufunguo awe amechorwa pale alipo.

Bandika karatasi zako za A1 ukutani, simama mita mbili nyuma. Usichoweza kusoma, jopo nalo halitasoma. Chapisha siku tatu kabla. Umeme ukikatika stationari usiku wa kuamkia kutetea, hakuna wa kumlaumu.

## Hatua ya 10: Kutetea

Una kama dakika 15. Anza na sentensi ya hatua ya 1, ingia moja kwa moja kwenye mchoro wa mkato, kisha hesabu ya ufunguo. Dhana iache iulizwe.

Ukiulizwa usilolijua, sema utalipimaje. Usibuni namba mbele ya mkadiriaji majenzi, yule anayekokotoa gharama za ujenzi. Mjumbe akisema mradi ni mdogo, mwonyeshe maharage: picha ya manila ndiyo inayoeleza kwa nini mtaro umeshinda ukumbi.

## Baada ya kupita

Ile ahadi ya daftarini bado ipo. Chapisha karatasi ya A3 yenye ramani ya kiwanja na ule mchoro wa eneo kwa nyakati tatu za siku, ipitishwe laminesheni, uipeleke ofisi ya serikali ya mtaa. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina lako, iandikwe: "Pendekezo la mwanafunzi. Si mradi uliopitishwa. Hakuna nyumba inayobomolewa." Peleka nakala ya pili kwa yule mama wa maji.